Nyumba ntobhu ya Wakurya: ni ndoa ya jinsia moja, au si ndoa kabisa?

#1 Mchele wa Magu
Wakuu, salaam.

Kila kijiwe hapa Mwanza, kuanzia Makoroboi mpaka Buzuruga, ukigusa ndoa za jinsia moja utaambiwa "hayo ni ya Wazungu, Afrika hayajawahi kuwepo". Kisha mtu wa Tarime anadakia: "Na nyumba ntobhu je, ile mila yetu ya mwanamke kumwoa mwanamke?" Hapo kijiwe kinagawanyika.

Hoja yangu ni fupi. Kama mwanamke anatoa ng'ombe, anaoa mwanamke mwenzake mbele ya wazee, na watoto wanahesabiwa ukoo wa muoaji, basi anayepinga ndoa za jinsia moja kwa kigezo cha mila atafute kigezo kingine. Wajuzi wa sheria, mila na dini, karibuni. Matusi hapana.

#2 Dagaa Mkavu
Nimekaa paleee na karanga zangu.

#3 Sirari Mpakani
Mleta uzi, umechanganya mafaili. Mambo yako hivi.

Kwenye boma la Kikurya kila mke ana nyumba yake, na kila nyumba ina mifugo yake. Binti wa nyumba hiyo akiolewa, ng'ombe wa mahari yake hawahamii kwa mke mwingine. Kazi yao ni kumwolea kaka yake wa tumbo moja. Sasa nyumba ikikosa mtoto wa kiume, ng'ombe wapo ila wa kuoa hayupo, na nyumba ile haina mrithi. Mama mwenye nyumba, mara nyingi mjane au aliyevuka umri wa kuzaa, anapeleka ng'ombe kwa wazazi wa binti. Binti anaingia kama mkwe, mokamona, mke wa mwana ambaye hakuzaliwa. Mwanamume wa kuzaa naye anachaguliwa, ama na binti mwenyewe ama na mama, na huyo mwanamume hana dai juu ya watoto kwa sababu hakutoa hata ndama.

Wanawake hao wawili hawalali pamoja. Anayetaka kulifananisha na ndoa za jinsia moja za Amsterdam atakuwa ameangalia nani katoa mahari, hakuangalia inatolewa kwa ajili ya nani.

Na si Tarime peke yake. Wasimbiti wanayo, na ng'ambo ya mpaka wapo Wakisii, Wanandi na Wakamba.

#4 Mchele wa Magu
Mkuu Sirari, umenisaidia kuliko ulivyokusudia. Kumbe mila inaweza kumpa mwanamke nafasi ya muoaji, ikapokea mahari, na tendo la ndoa kati yao lisiwe sharti. Basi ule msemo wa "ndoa ni mume na mke tangu mababu" unahitaji nyongeza ya maneno madogomadogo chini.

#5 Jiwe la Bismarck
Tutenganishe mambo matatu kabla uzi haujafika ukurasa wa kumi.

Ndoa. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 9, inasema ni muungano wa hiari wa mwanamume na mwanamke unaokusudiwa kudumu maisha yao yote. Kwa hiyo mbele ya sheria hiyo nyumba ntobhu haiitwi ndoa ya jinsia moja wala ya jinsia mbili. Haipo. Na kutokuwepo kuna gharama: mokamona akifukuzwa baada ya kulima shamba lile miaka 15, hawezi kutumia kifungu cha 114 kudai mgawanyo wa mali, maana kinafanya kazi pale mahakama inapotoa amri ya talaka au ya kutengana. Hata dhana ya ndoa ya kifungu cha 160, ile ya kukaa pamoja miaka 2, inamtaja mwanamume na mwanamke.

Tendo. Hili liko kwenye Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 154. Wengi wanadhani kinataja mashoga. Hakitaji. Kinasema kujamiiana na mtu yeyote kinyume cha maumbile, hata mwanamume na mkewe wa ndoa ya kanisani wamo. Adhabu ni kifungo cha maisha, na isipungue miaka 30. Kujaribu tu, kifungu cha 155, ni si chini ya miaka 20.

Mtu mwenyewe. Kuvutiwa na mtu wa jinsia yako si kosa mahali popote kwenye Kanuni ya Adhabu. Kinachoshitakiwa ni kitendo, na kitendo kinahitaji ushahidi.

#6 Binti Ukerewe
Jiwe, wanawake umewaacha nje kama kawaida ya wanaume wa jukwaa hili.

Kifungu cha 154 kinadai kuingiliwa, kwa hiyo usagaji haukai humo vizuri. Wanawake wananaswa na 138A, matendo ya aibu kubwa kati ya mtu na mtu, hadharani au faraghani. Hicho kiliingizwa 1998. Zanzibar ndiyo ilikwenda mbali: mabadiliko ya 2004 yaliandika kosa la wanawake waziwazi, yakaandika pia kosa la watu wa jinsia moja kufunga ndoa au kuishi kama mume na mke. Bara hakuna kosa la namna hiyo la "kuishi kama". Sirari, usimpeleke mama wa nyumba ntobhu Pemba.

#7 Sirari Mpakani
Hahaha, ng'ombe wenyewe hawapandi boti.

#8 Katekista
Tumsifu Yesu Kristo. Niongezee upande wa Kanisa Katoliki, kwa sababu mitandaoni mafundisho yake yanasomwa nusu.

Katekisimu namba 2357 inakataa vitendo vya jinsia moja bila kumung'unya maneno. Namba 2358, mstari unaofuata tu, inaagiza watu wenye mwelekeo huo wapokewe kwa heshima na huruma, na wasibaguliwe isivyo haki. Wanaopenda namba ya kwanza hawaifiki ya pili, na wanaopenda ya pili hujifanya ya kwanza haikuchapwa. Tarehe 18 Desemba 2023 Vatikani ilitoa tamko la kuruhusu baraka fupi, zisizo za liturujia, kwa watu walio kwenye mahusiano hayo, ikisisitiza kwamba si ndoa. Tarehe 11 Januari 2024 maaskofu wa Afrika na Madagaska, kupitia Kardinali Ambongo wa Kinshasa, wakasema kwa ujumla baraka hizo hazifai kwenye mazingira yetu.

Kuhusu nyumba ntobhu, kwetu tatizo lake ni jingine. Kuna mwanamume anayezaa bila agano. Ukimbatiza mtoto, andika jina la baba uone mgogoro.

#9 Ustadh Mabatini
Assalamu alaykum. Kwa upande wetu nguzo zinajulikana: mume, mke asiye haramu kwake, walii (msimamizi wa bibi harusi), mashahidi wawili, ijabu na kabuli, yaani kutoa na kukubali ndoa kwa tamko. Mwanamke hawezi kukaa nafasi ya mume, hapo hakuna mjadala.

Lakini tazameni: fiqhi, yaani sheria ya Kiislamu, ingeikataa nyumba ntobhu hata kama ushoga usingekuwepo duniani, kwa sababu ya nasaba. Mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa ananasibishwa kwa mama yake. Kumpa ukoo wa marehemu ambaye hakumzaa ni kuchanganya mirathi. Kwa hiyo mila ya Wakurya inaokoa jina la ukoo kwa njia ileile ambayo sisi tunaona inaharibu nasaba. Mchele, mila haikupi wewe ushindi na wala haimpi mpinzani wako.

#10 Mzee wa Mwaloni
Nyote mnazunguka mbuyu. Chuki hii ina cheti cha kuzaliwa. Waingereza waliandika kosa hili kwenye kanuni ya adhabu ya India ya 1860, likaingia kanuni ya Queensland, Australia, ya 1899, likasambazwa kwenye makoloni. Kanuni yetu ya Adhabu ina tarehe 28 Septemba 1945. Mwingereza huyohuyo alianza kufuta kosa kwake 1967, akafungisha ndoa za kwanza Machi 2014. Sisi tumebaki tunalinda sanduku la mgeni aliyekwisha kuondoka.

#11 Jiwe la Bismarck
Mzee wangu, shikamoo. Nusu ni kweli. Mkoloni alituachia kifungo cha miaka 14. Maisha na "isipungue 30" ni kazi ya Bunge letu, Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998, na shabaha yake kubwa ilikuwa ubakaji na udhalilishaji wa watoto na wanawake. Kifungu cha 154 kilipanda kwenye basi lile pamoja na vingine. Mwingereza hawezi kubebeshwa adhabu aliyoikuta gazetini.

#12 Mzee wa Mwaloni
Marahaba. Aliyepanda mti na aliyeumwagilia wote wana shamba.

#13 Dagaa Mkavu
Mimi si mwanasheria. Maumbile yenyewe yamekataa, basi. Nendeni ziwani, samaki gani anafanya huo ujinga?

#14 Furu wa Nyegezi
Dagaa, ziwani usiende kutafuta maadili, utarudi umechanganyikiwa.

Sangara akila sangara wadogo, hata wa ukoo wake, kwake ni chakula. Mama furu anabeba mayai na vifaranga mdomoni, baba anaondoka na kucheza na majike wengine. Sato naye ni mama anayebeba mdomoni. Kamongo ni kinyume, dume ndilo linalinda kiota. Sasa katika hao mfano wa familia ni nani? Tabia za jinsia moja zimeandikwa na watafiti kwa mamia ya aina za wanyama, kondoo dume na pengwini wakiwemo. Hilo halithibitishi kwamba binadamu afanye, na kukosekana kwake kusingethibitisha kwamba asifanye. Hoja ya maumbile imeoza pande zote mbili, na wanaotetea wakiitumia nao nawakosoa hivihivi.

#15 Binti Ukerewe
Mada imeshageuka kuwa mnada wa Kirumba.

#16 Dagaa Mkavu
Nimeuliza swali moja nimepewa semina. Sato leo bei gani lakini?

#17 Omera wa Homa Bay
Hamjambo majirani. Kwetu Kenya mambo yako hivi, msije mkapotoshwa.

Katiba ya 2010, ibara ya 45(2), inampa kila mtu mzima haki ya kuoa au kuolewa na mtu wa jinsia tofauti. Ndoa ya jinsia moja imefungiwa hapo. Tarehe 24 Mei 2019 Mahakama Kuu Nairobi ilikataa kufuta vifungu vya 162 na 165 vya kanuni ya adhabu, vinavyoadhibu tendo la jinsia moja. Tarehe 24 Februari 2023 Mahakama ya Juu, majaji 3 kwa 2, ikasema shirika la kutetea watu hao lina haki ya kusajiliwa. Wengi walitangaza kwamba "Kenya imehalalisha". Haikuhalalisha kitu isipokuwa haki ya kujiunga na chama. Mbunge wetu wa hapa mjini, George Peter Kaluma, aliomba uamuzi upitiwe upya, akakataliwa Septemba 2023.

Sasa hii itamfurahisha mwenye uzi: mwaka 2011 Mahakama Kuu Mombasa ilitambua ndoa ya mwanamke kwa mwanamke ya Wanandi kwenye kesi ya urithi, mke yule akahesabika mrithi. Nchi ileile, katiba ileile yenye ibara ya 45. Jaji aliitazama kama mila na haki ya utamaduni, hakuiona kabisa kama kesi ya mashoga. Lakini sheria yetu ya ndoa ya 2014 nayo ikaja kusema mwanamume na mwanamke, kwa hiyo wakili mzuri bado atakusumbua.

#18 Ndizi za Kagera
Na upande wa pili wa ziwa, Uganda. Katiba yao ilipiga marufuku ndoa za jinsia moja tangu marekebisho ya 2005. Sheria ya kwanza dhidi ya ushoga ilifutwa na Mahakama ya Katiba tarehe 1 Agosti 2014, si kwa sababu ya haki za mtu, ni kwa sababu Bunge lilipitisha bila akidi. Ya sasa ilisainiwa Mei 2023: maisha kwa tendo, kifo kwa makosa waliyoyaita mazito. Aprili 3, 2024 mahakama iliibakiza, ikaondoa vipande vichache kama wajibu wa kuripoti na kosa la kupangisha nyumba.

Benki ya Dunia ilisimamisha mikopo mipya Agosti 2023. Hapo ndipo naona kiini cha ugomvi wote. Mtu aliyekuwa hana habari na jirani yake anaambiwa "usipokubali hupati fedha", anasimama kupinga kwa sababu ya kulazimishwa. Mzungu akinyamaza, nusu ya kelele hii inakwisha.

#19 Furu wa Nyegezi
Ndizi, sheria yetu ya 1998 haikungoja Benki ya Dunia. Hoja yako inaeleza kelele za 2014 na 2023, haielezi zilizotangulia.

#20 Katekista
Na kwa makanisa haikuwa serikali za nje, ilikuwa ndugu wa imani. Walutheri wa KKKT walitoa Tamko la Dodoma 2010 baada ya Kanisa la Sweden kukubali kufungisha ndoa hizo Oktoba 2009. Waanglikana wa Tanzania walishajitenga na wenzao wa Marekani 2006. Ni ugomvi wa madhabahu, fedha zikiwa pembeni.

#21 Nesi Igoma
Nimesoma mpaka hapa, kila mtu yuko mahakamani au kanisani. Nije wodini.

Serikali ilizuia vilainishi kugawiwa 2016, na Februari 2017 ikasimamisha vituo vya kutolea huduma za VVU kwa wanaume wanaojamiiana na wanaume na makundi mengine yaliyo hatarini, wakaambiwa waende hospitali za kawaida. Kinachokwama kwenye hospitali ya kawaida ni dirisha la usajili. Mtu anaulizwa tatizo lake mbele ya foleni, anajibu "tumbo", anapewa dawa ya tumbo. Wengi wao wana wake nyumbani. Hapo hata asiyewapenda ana hasara.

Yafuatayo yanamhusu mtu yeyote:
Kondomu ya mpira na mafuta ya mgando haviendani. Mafuta yanaudhoofisha mpira, unapasuka. Kilainishi kiwe cha maji.
Ukihisi umeambukizwa, dawa ya dharura ianze ndani ya saa 72, mapema zaidi ndiyo bora, na imezwe siku 28 mfululizo. Wengi wanaacha siku ya kumi wakiona wako salama.
Dawa kinga ya kila siku anapewa asiye na virusi tu, ndiyo maana kipimo kinatangulia, kisha kinarudiwa kila miezi 3.

Na Sirari, mokamona anamhusu pia nesi. Mwanamume wake hafungwi na kitu, anaweza kubadilika, na yeye hana nguvu ya kudai kipimo.

#22 Sirari Mpakani
Nesi, sikubishii. Niseme na lingine ambalo wazee wetu hawapendi. Binti akiwa chini ya miaka 18, mila haimwokoi mwanamume. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 130, inahesabu kumwingilia aliye chini ya 18 kuwa ubakaji, na ule mwanya wa "isipokuwa ni mke wake" haumhusu, kwa sababu hakuoa. Aliyeoa ni mama. Na kama ni mwanafunzi, tangu 2016 Sheria ya Elimu inataja miaka 30 kwa kumuoa au kumpa mimba.

#23 Mchele wa Magu
Sasa niwaulize wote mnaosema ndoa ni kwa ajili ya watoto. Mume na mke wasiojaliwa, ndoa yao inakufa?

#24 Jiwe la Bismarck
Haifi. Ugumba si sababu ya kubatilisha. Kifungu cha 39 kinakuruhusu kuomba ibatilishwe kama mmoja hakuweza tendo la ndoa. Tazama kinavyokuja: sheria ya Bunge inauliza tendo, haiulizi mtoto. Ukoo wa Kikurya unauliza mtoto, hauulizi tendo. Kwa kipimo cha ukoo, wanaume wawili wa London wanakosa kwa sababu hawana atakayebeba jina. Kwa kipimo cha Bunge, mama na mokamona wanakosa kwa sababu hawana tendo. Hizi ni sababu mbili tofauti za kukataa, na hapa zimekuwa zikisemwa kana kwamba ni moja.

#25 Ustadh Mabatini
Na sisi wa tatu tunauliza amri ya Mwenyezi Mungu, mtoto awepo asiwepo. Usituache nje ya hesabu.

#26 Binti Ukerewe
Na wa nne wanauliza faragha, ibara ya 16 ya Katiba ya 1977. Watu wazima wawili chumbani, wewe umefuata nini? Nikisema hivyo naambiwa natetea. Sitetei, nauliza polisi anaingiaje bila kuvunja mlango.

#27 Dagaa Mkavu
Binti, ibara ya 30 inaweka mipaka kwa maslahi ya umma. Msinidharau, nami nasoma.

#28 Binti Ukerewe
Duh, dagaa kalowa.

#29 Mchele wa Magu
Jiwe, tuache falsafa kidogo. Mokamona aliyepo leo Tarime, ana watoto watatu, mama amezeeka. Afanye nini ili asifukuzwe na shemeji wa mama?

#30 Jiwe la Bismarck
Akingoja msiba amechelewa. Utaratibu wa Mahakama ya Mwanzo unaanza na muhtasari wa kikao cha ukoo na cheti cha kifo, kisha Fomu namba 1 ya kuomba usimamizi wa mirathi, kisha tangazo. Kikao hicho ndicho kinachomsahau mokamona. Anaweza kuweka pingamizi kabla msimamizi hajateuliwa, na msimamizi ana miezi 4 ya kuleta orodha ya mali na hesabu, akichelewa anaitwa. Lakini atapingia nini? Si mke kisheria. Watoto nao si wa damu ya marehemu.

Kwa hiyo afanye mama akiwa hai. Wosia chini ya Tamko la Sheria ya Mila, Tangazo la Serikali namba 436 la 1963: kama mama anajua kusoma na kuandika, mashahidi angalau 2, mmoja wa ukoo na mmoja wa nje. Kama hajui, 4, wawili wa ukoo na wawili wa nje. Anayerithi asiwe shahidi. Hapo ndipo wosia mwingi unaanguka.

#31 Sirari Mpakani
Shahidi wa ukoo ndiye adui mwenyewe. Na shamba la ukoo mama hana uwezo wa kuliusia, kwa tamko hilohilo mjane harithi.

#32 Binti Ukerewe
Wajane wawili wa Shinyanga walilipinga tamko hilo. Mahakama Kuu 2006 ikakiri ni la kibaguzi, ikakataa kulifuta. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa ya kupinga ubaguzi dhidi ya wanawake ikasema Tanzania imewakosea. Tamko bado lipo. Ila hapahapa Mwanza, Februari 1990, Jaji Mwalusanya aliamua mwanamke wa Kihaya anaweza kuuza ardhi ya ukoo sawa na mwanamume. Mila hugeuka, inategemea umekaa mbele ya jaji gani.

#33 Jiwe la Bismarck
Ndiyo maana nisingeanzia kwenye wosia. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, kifungu cha 20(2), inabatilisha mila inayomnyima mwanamke ardhi. Mama aombe hati ya hakimiliki ya kimila kwenye halmashauri ya kijiji, majina mawili, lake na la mokamona, na asiandike popote "mke wangu". Aandike wamiliki wa pamoja. Mipaka ipimwe majirani wakiwepo na wasaini, shemeji akiwa mmoja wa majirani asaini naye.

#34 Sirari Mpakani
Shemeji akigoma kusaini?

#35 Jiwe la Bismarck
Mgogoro uanze hapo, Baraza la Ardhi la Kijiji, wakati mama bado anaweza kusimama na kusema shamba ni la nani.